Kumlisha Mtoto Anayetibiwa Saratani: Mwongozo kwa Familia, Hatua kwa Hatua

Mtoto anapogundulika kuwa na saratani, mambo mengi hutoka mikononi mwa wazazi kwa siku moja. Dawa huchaguliwa na madaktari, tarehe hupangwa na wodi, vipimo husomwa maabara. Kinachobaki kwa familia ni chakula, na ndiyo maana wazazi wengi hukishikilia kwa nguvu na kwa hofu: mama huhesabu kila kijiko, baba hurudi na kila alichosikia kuwa kinaongeza damu, bibi hutokwa na machozi mjukuu anapokataa kufungua mdomo. Mwongozo huu umeandikwa ili kazi hiyo ya familia iwe na mpangilio. Chakula ni sehemu ya tiba tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo kinapaswa kupimwa, kuandikwa na kutolewa taarifa kama dawa, lakini kisiachwe kiwe chanzo cha ugomvi kati ya mtoto na watu anaowapenda.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka, na mwaka 2018 lilianzisha mpango wa kimataifa wenye lengo la kufikisha angalau asilimia 60 ya watoto hao kwenye kupona ifikapo mwaka 2030. Dawa peke yake haitoshi kufika huko. Mtoto mwenye utapiamlo hupata maambukizi kwa urahisi, vidonda vyake huchelewa kufunga, na mara nyingi mzunguko wake wa dawa huahirishwa kwa kuwa mwili hauko tayari kuupokea. Maelekezo ya timu inayomtibu mtoto wako yatangulie popote yatakapotofautiana na haya.

Hatua ya kwanza: mpime kabla ya kumlisha

Omba mtoto apimwe uzito, urefu na mzunguko wa mkono siku ya kulazwa, kisha uandike namba hizo katika daftari lako mwenyewe. Uzito una kazi mbili, kwa kuwa unaonyesha hali ya lishe na pia hutumika kukokotoa dozi za dawa, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba unakadiriwa kwa macho. Apimwe kwa mizani ileile, asubuhi, akiwa na nguo chache.

Hata hivyo, uzito unaweza kudanganya, na katika saratani za watoto hudanganya mara nyingi. Mtoto mwenye uvimbe mkubwa tumboni, kama ule wa figo au wa ini, hubeba uvimbe huo kwenye mizani, na mzazi akafurahi kuona namba inapanda ilhali misuli inayeyuka. Maji anayotundikiwa kwenye mshipa humwongezea uzito usiku kucha. Dawa za steroidi humvimbisha uso na tumbo huku mapaja yakisinyaa. Ndiyo sababu mkono hupewa uzito mkubwa katika wodi za saratani: hapo uvimbe haufiki, na maji hukaa kwa nadra.

Upimaji wenyewe si mgumu. Mkono wa kushoto ulegezwe ukining'inia ubavuni. Tafuta nukta ya katikati kati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko. Zungusha utepe hapo bila kuukaza hadi ngozi ikabonyea wala kuulegeza hadi mwanga ukapita chini yake. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kipimo kilicho chini ya milimita 115 kinaonyesha utapiamlo mkali, na kilicho kati ya milimita 115 na 125 kinaonyesha utapiamlo wa kadiri. Kwa mtoto mkubwa zaidi viwango hivyo havitumiki, lakini mwelekeo unatumika: mkono unaopungua kipimo baada ya kipimo ni habari ya kumpelekea daktari wiki hiyohiyo. Ukiona miguu yote miwili imevimba na ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki, toa taarifa siku hiyohiyo.

Mtoto aliyekonda sana asikimbizwe kwa chakula kingi siku za mwanzo. Mwili uliozoea njaa ukipewa chakula kingi kwa ghafla huvuta madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kwa kasi, na upungufu huo unaweza kuuathiri moyo. Kwa mtoto wa namna hiyo hospitali huanza kidogo, hupima damu, kisha huongeza siku baada ya siku. Familia inayoona sahani ndogo hudhani mtoto ananyimwa, na ni vyema ikaelezwa sababu mapema.

Hatua ya pili: tafuta kinachomzuia kula

Kabla hujabadilisha chakula, jiulize kwa nini mtoto hali chakula. Swali hili hurukwa sana, na likirukwa familia hupika vyakula sita tofauti kwa mtoto ambaye tatizo lake ni kwamba hajapata choo kwa siku tano. Kila kizuizi kina dawa yake. Kichefuchefu hutulizwa kwa dawa inayotolewa kabla ya chakula, wala si baada ya kutapika. Vidonda vya mdomoni huhitaji dawa ya maumivu nusu saa kabla ya mlo. Ladha iliyobadilika haina kidonge, bali huhitaji viungo na ubunifu. Mtoto mwenye huzuni, anayelala chumba kisichozimwa taa na kuchomwa sindano kila wakati, huenda akahitaji kwanza kukaa na mtu asiyemwomba chochote.

Andika kwa siku tatu mfululizo: alikula nini, kiasi gani, saa ngapi, alitapika lini, alipata choo lini. Usiandike "alikula vizuri". Andika "vijiko 5 vya uji, nusu yai, maziwa mililita 60, alitapika baada ya dakika 20". Ukurasa mmoja wa namna hii humpa mtaalamu wa lishe mwanga kuliko maelezo ya nusu saa, kwa sababu unaonyesha saa ambazo mtoto yuko tayari. Wengi hula vizuri zaidi asubuhi, kabla uchovu haujawaelemea, na hapo ndipo mlo mzito wa siku unapaswa kuwekwa badala ya kusubiri jioni kwa mazoea.

Hatua ya tatu: ongeza nguvu ya chakula, si wingi wake

Mtoto anayeweza kumeza vijiko kumi tu anahitaji vijiko hivyo kumi vibebe zaidi. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, wakati gramu ya wanga au ya protini ina 4, kwa hiyo mafuta ndiyo njia fupi ya kuongeza nguvu bila kuongeza ujazo.

Chukua kibakuli cha uji wa mililita 200. Ukiupika mwepesi kwa unga wa gramu 20 na maji peke yake, mtoto atapata kilokalori 70 hivi na protini kidogo sana. Sasa koroga ndani yake kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia, ambacho huleta kilokalori 40 hivi; vijiko viwili vya chakula vya maziwa ya unga yenye mafuta, takriban 75; na kijiko kimoja cha chakula cha karanga zilizosagwa laini, takriban 95, iwapo mtoto hana mzio wa karanga. Kibakuli ni kilekile na mtoto hahisi tofauti kubwa tumboni, lakini sasa kina kilokalori 280 na protini inayofika gramu 10. Akimaliza nusu tu, bado amepata maradufu ya kile ambacho angepata kwa kumaliza uji mweupe wote.

Tumia mantiki hiyo kwa vyakula vingine: yai lipondwe ndani ya viazi, siagi iingie kwenye wali, supu iongezwe nyama au kunde zilizosagwa, na maji yaliyochemshiwa mboga yasichukue nafasi ya supu yenye kitu ndani. Mpe kidogo mara sita hadi nane kwa siku. Vinywaji vije katikati ya milo, kwa sababu kikombe cha maji kabla ya chakula hujaza tumbo dogo. Tumia sahani ndogo pia: mtoto asiye na hamu akiona mlima wa chakula hukata tamaa kabla ya kuanza, na akimaliza kidogo alichopewa hupata ujasiri wa kuomba tena.

Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Kwa anayetumia maziwa ya kopo ya watoto wachanga, usiongeze unga kuliko kipimo cha kopo bila maelekezo, maana maziwa mazito mno huzielemea figo na utumbo.

Hatua ya nne: shughulikia kila tatizo kwa njia yake

Kichefuchefu. Vyakula vilivyopoa hutoa harufu kidogo kuliko vya moto, kwa hiyo mtoto anayechafukwa na moyo apewe chakula cha uvuguvugu au cha baridi, na upishi ufanyike mbali naye ikiwezekana. Vyakula vikavu kama mkate uliookwa hukaa vizuri zaidi tumboni kuliko vya mafuta mengi, hivyo siku ya dawa si siku ya kumwongezea mafuta. Zaidi ya yote, usimpe chakula anachokipenda kuliko vyote saa chache kabla ya dawa inayotapisha. Mwaka 1978 mwanasaikolojia Ilene Bernstein wa Marekani alichapisha utafiti kuhusu watoto waliopewa aiskrimu ya ladha wasiyoizoea kabla ya tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, inayochafua tumbo. Baadaye watoto hao waliikataa zaidi kuliko wenzao ambao hawakupata mchanganyiko huo. Mwili hufunga ndoa kati ya ladha na kutapika, na ndoa hiyo haivunjiki kwa kumweleza mtoto kwamba aiskrimu haina kosa. Chakula kipenzi kitunzwe kwa siku njema.

Vidonda vya mdomoni. Baadhi ya dawa za saratani, methotreksati ikiwa mojawapo, huchubua ngozi laini ya mdomo siku kadhaa baada ya kutolewa. Mswaki laini uendelee kutumika, na mdomo usukutuliwe baada ya kila mlo na kabla ya kulala kwa maji safi yaliyotiwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi moja. Mtoto asiyeweza kutema apanguswe kwa kitambaa safi kilicholoweshwa. Ndimu, nyanya, pilipili na vyakula vinavyokwaruza viwekwe kando. Mtindi uliotengenezwa kwa maziwa yaliyouawa vijidudu, viazi vilivyopondwa kwa maziwa, mayai yaliyovurugwa na kuiva kabisa, na ndizi mbivu iliyopondwa hupita bila kuumiza. Mrija humsaidia mtoto kupitisha kinywaji pembeni mwa kidonda. Akishindwa kumeza hata mate, au ukiona damu mdomoni, hilo ni la hospitali.

Choo kigumu. Vinkristini, mojawapo ya dawa za saratani, hupunguza mwendo wa utumbo, na baadhi ya dawa za kuzuia kutapika na za maumivu huongeza tatizo hilo. Hospitali nyingi huanza dawa ya kulainisha choo mapema, nayo itolewe kila siku bila kusubiri mtoto akwame. Maji, matunda yaliyooshwa vizuri na kutembea kidogo husaidia. Usimwingize chochote kwenye njia ya haja kubwa, iwe kidonge, maji ya sabuni au kipimajoto, kwa kuwa seli nyeupe za damu, zinazopigana na vijidudu, zikiwa chini, mchubuko mdogo pale unaweza kuwa mlango wa maambukizi ya damu.

Kuharisha. Hatari kubwa ni kupoteza maji. Ikiwa pakiti za chumvi na sukari za kuongeza maji mwilini hazipatikani, changanya lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi, umpe kidogo kidogo mara nyingi huku ukiwasiliana na hospitali. Baada ya tibakemikali utumbo wa baadhi ya watoto hushindwa kwa muda kumeng'enya sukari ya maziwa. Ukiona maziwa yanazidisha kuharisha, uliza kama yasimamishwe kwa siku chache.

Njaa isiyoisha. Hili huwashangaza wazazi waliojiandaa kwa mtoto asiyekula. Mtoto aliye kwenye dawa za steroidi, kama deksamethasoni au prednisoloni, anaweza kuamka saa nane za usiku akiomba wali, akamaliza, na kuomba tena. Hana ulafi, ni dawa inayomsukuma, na haifai kumgombeza. Mpe milo yenye protini na mboga nyingi, punguza chumvi kwa sababu steroidi hushikilia maji mwilini, na punguza vinywaji vya sukari kwa sababu dawa hizo hupandisha sukari ya damu, hasa zikitolewa pamoja na asparajinesi, dawa nyingine ya saratani. Kiu kali na kukojoa kupita kawaida viripotiwe mara moja. Vivyo hivyo maumivu makali ya tumbo kwa mtoto aliyepewa asparajinesi, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuathiri kongosho.

Ladha iliyogeuka. Nyama nyekundu mara nyingi huonja kama chuma. Jaribu kuku, samaki, mayai au kunde, na kijiko cha plastiki badala ya cha chuma. Kama mdomo hauna vidonda, tone la ndimu huamsha ladha.

Hatua ya tano: linda chakula dhidi ya vijidudu

Kwa miaka mingi familia zilipewa orodha ndefu za vyakula vilivyokatazwa wakati seli nyeupe ziko chini, matunda na mboga mbichi zikiwa juu ya orodha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliowagawa watoto wenye saratani kwa nasibu kati ya orodha hiyo kali na kanuni za kawaida za usalama wa chakula, haukuona kwamba orodha kali iliwapunguzia maambukizi. Baadhi ya hospitali bado huitumia, na mzazi afuate hospitali yake. Lakini kinachomlinda mtoto hasa ni mikono ya mpishi na joto la chungu.

Osha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula na baada ya kubadilisha nepi. Tenga ubao wa nyama mbichi na ubao wa vyakula vinavyoliwa bila kupikwa. Pika hadi katikati ya chakula ifikie nyuzijoto 70, maana yake nyama isiyo na uwekundu ndani na yai ambalo kiini chake kimeganda. Chakula kilichopikwa kisikae nje ya jokofu zaidi ya saa 2, na mabaki yapashwe moto hadi yafuke mvuke kote. Matunda yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka, na yale yanayomenywa yamenywe baada ya kuoshwa. Maziwa mabichi, nyama na samaki wabichi na mbegu mbichi zilizooteshwa visitumike kabisa, wala asali kwa mtoto aliye chini ya miezi 12.

Joto la mwili likifika nyuzi 38 wakati mtoto yuko kwenye tibakemikali, hakuna chakula cha kumpa kwanza wala dawa ya homa ya kujaribu kwanza. Ni hospitali, saa yoyote ya mchana au usiku.

Hatua ya sita: jiandae kwa siku za kufunga kabla ya kipimo

Sehemu hii haizungumzwi vya kutosha. Mtoto anayetibiwa saratani hupewa dawa ya usingizi mara nyingi, kwa ajili ya kuchomwa uti wa mgongo, kutolewa uboho (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu), mionzi au picha, na kila mara hutakiwa kukaa bila kula. Desturi iliyoenea ni saa 6 bila chakula kigumu, saa 4 bila maziwa ya mama, na saa 2 bila maji au vinywaji angavu kama maji, visivyo na maziwa, ingawa baadhi ya hospitali sasa huruhusu vinywaji hivyo karibu zaidi ya hapo. Kwenye karatasi muda huo ni mfupi. Wodini, mtoto huacha kula saa mbili usiku, huamka saa kumi na mbili asubuhi na njaa, huambiwa asubiri, jina lake huitwa saa nane mchana, na akizinduka chakula cha wodi kimekwisha kugawiwa. Hayo yakitokea mara mbili kwa wiki, siku mbili za lishe zimepotea bila mtu yeyote kukosea kwa makusudi.

Hapa mzazi anaweza kusaidia sana. Uliza jioni: mtoto wangu ni wa ngapi kwenye orodha, na saa halisi ya mwisho ya kula na ya kunywa ni ipi? Mpe mlo mdogo wenye nguvu karibu na saa hiyo ya mwisho, hata ikibidi kumwamsha, ikiwa wamekubali. Mpe maji au kinywaji angavu chenye sukari, kisicho na maziwa, hadi saa iliyoruhusiwa badala ya kumfungia kila kitu tangu usiku. Weka chakula chake kando, kwenye chombo kilichofunikwa na mahali pa baridi, ili akizinduka na kuruhusiwa kumeza kiwe tayari. Kipimo kikiahirishwa, uliza papo hapo kama anaweza kula sasa. Usione haya kuuliza, kwa maana wauguzi wana watoto wengi na wewe una huyo mmoja.

Hatua ya saba: ukubali mpira wa kulishia unapohitajika

Mtoto akiendelea kupungua licha ya juhudi zote, timu inaweza kupendekeza mpira mwembamba unaopita puani hadi tumboni. Wazazi wengi husikia pendekezo hilo kama hukumu kwamba wameshindwa. Ukweli ni kwamba kwa familia nyingi mpira huleta pumziko: dawa chungu hupita humo, maziwa maalumu huingia hata mtoto akiwa amelala, na meza ya chakula hurudi kuwa mahali pa kuonja bila kulazimishwa. Mwache aendelee kula kwa mdomo kadiri anavyotaka, ili asisahau kutafuna na kumeza. Utumbo ukishindwa kabisa kufanya kazi, lishe hupitishwa kwenye mshipa, na hiyo ni kazi ya hospitali.

Kabla ya kurudi nyumbani na mpira, fanya kila hatua mbele ya muuguzi hadi aridhike. Kila mara kabla ya kulisha, angalia kwamba alama iliyo kwenye mpira iko palepale puani, kisha uvute majimaji kidogo na uyapime kwa karatasi ya asidi. Usomaji wa 5.5 au chini yake unaonyesha kwamba ncha iko tumboni. Mkalishe, au inua kichwa cha kitanda, na abaki hivyo nusu saa baada ya mlo. Maziwa yashuke taratibu, usiyasukume kwa nguvu. Suuza mpira kwa maji safi kabla na baada. Akikohoa, akibadilika rangi au akipumua kwa shida, simamisha papo hapo na uombe msaada. Kama hujui mpira uko wapi, usilishe.

Hatua ya nane: pima kila ushauri unaoletwa

Ndugu na majirani huja na ushauri kwa upendo, na mzazi huchoka kuukataa. Ushauri unaorudiwa kuliko wote ni kwamba sukari hulisha saratani, kwa hiyo mtoto anyimwe wanga na matunda. Kila seli ya mwili hutumia glukosi, za moyo na ubongo zikiwemo, na mwili huitengeneza wenyewe usipoipata. Mtoto akinyimwa hukonda yeye, uvimbe haukosi chakula.

Ushauri wa pili ni wa vyakula na dawa za kuongeza damu. Mara nyingi upungufu wa damu wakati wa tibakemikali hutokana na uboho uliolemewa na dawa au na ugonjwa, madini ya chuma yakiwa hayajapungua. Mtoto anayetiwa damu mara kwa mara tayari anapokea chuma kingi, na nyongeza ya vidonge inaweza kurundikana kwenye ini na moyo. Mboga za majani na nyama ale kama chakula, lakini vidonge vya chuma visitolewe bila agizo la daktari.

Vitamini za dukani nazo zina hatari yake. Asidi ya foliki inaweza kupingana na kazi ya methotreksati, na balungi hubadilisha kiwango cha dawa kadhaa kwenye damu. Dawa za mitishamba, hata zile ambazo familia imezitumia kwa vizazi, zinaweza kuliumiza ini ambalo tayari linasafisha dawa kali. Ikiwa mtoto ameshapewa kitu, mwambie daktari bila woga na umletee chombo chenyewe. Daktari anayejua anaweza kumlinda, asiyejua hutafuta chanzo cha ini kuharibika mahali pasipo.

Hatua ya tisa: familia nayo ile

Mlezi anayekula mabaki ya mtoto kwa miezi mitatu ataugua, na akiugua mtoto hana wa kumlisha. Jipangie mlo wako mwenyewe, hata kama ni mmoja wenye uhakika kwa siku, na mwachie mtu mwingine zamu ya kulisha unapochoka, maana mtoto husoma hofu usoni mwako kabla ya kuonja kilichomo kijikoni. Weka kikomo cha nusu saa kwa kila mlo. Muda ukiisha ondoa sahani kwa utulivu, bila lawama na bila kumwahidi zawadi kwa kila tonge, kisha urudi tena baada ya saa mbili.

Ndugu zake waliobaki nyumbani wale pamoja naye anaporudi, chakula kilekile kadiri inavyowezekana. Mtoto mgonjwa anayepikiwa peke yake hujiona mgeni, na mwenye afya anayeona mayai yote yakienda kwa mwenzake huumia kimyakimya. Kijana mkubwa achague mwenyewe, na ashiriki kupika siku anazojisikia. Familia ikikosa uwezo wa kununua chakula, hilo lisemwe kwa mtaalamu wa lishe au afisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, kabla mkono wa mtoto haujalisema.

Matibabu yakiisha, na yakigeuka

Mtoto anayemaliza matibabu aendelee kupimwa. Wengine hubaki wembamba kwa muda, na wengine, hasa waliopewa steroidi nyingi au mionzi ya kichwa, huongezeka uzito kuliko inavyofaa huku mifupa yao ikiwa imedhoofika. Vile vijiko vya mafuta vilivyokuwa msaada sasa vipunguzwe hatua kwa hatua, na nafasi yake ichukuliwe na mboga, matunda, vyakula vyenye kalisi (kalsiamu) na michezo ya nje kwa kadiri daktari anavyoruhusu.

Yapo pia matibabu yanayofika mahali ambapo ugonjwa hauponi tena, na hapo lengo la chakula hubadilika. Daftari la vipimo linaweza kufungwa. Mtoto apewe anachokitamani, kwa kiasi anachokitaka, hata kama ni vijiko viwili vya kitu kilekile siku nzima, na akikataa asilazimishwe, kwa kuwa mwili unaoelekea ukingoni hauhisi njaa kama tunavyoihisi sisi, na chakula kinachosukumwa humletea kutapika na kukosa pumzi. Mlezi anayehisi kwamba ni lazima afanye jambo anaweza kulowesha kitambaa laini kwa maji au kwa kinywaji ambacho mtoto alikipenda, akampangusa midomo na ulimi kila anapoona vimekauka, na kumpaka mafuta kidogo midomoni isipasuke.